Hodi ya Mama Swala

Karakana ya Makochi,
Chumba cha nyuma, mlango wa bluu.
Jumatatu, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa mjukuu wangu,

Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi ya huko? Unakula, au bado unakunywa chai kavu na kuiita chakula? Na yule mwenzako wa chumba anayeimba bafuni, bado anaimba? Nijibu yote, usirukeruke.

Mimi sijambo kabisa. Goti la kushoto linanung'unika asubuhi, lakini nikilikemea linanyamaza. Wiki mbili zilizopita nimegeuza fremu ya kochi la watu watatu peke yangu, mbao ngumu, watu wanatazama. Seremala wa mbele, ambaye ni kijana wa miaka hamsini tu, alikuja mbio kunisaidia, nikamfukuza. Mji huu wote una mafundi makochi wanne, na watatu walijifunza kwa kunichungulia.

Barua hii naiandika mwenyewe kwa mkono wangu. Najua utashangaa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa kuandika nilikuwa wa pili, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo pima mwenyewe. Mshonaji wa jirani alijitolea kuniandikia kwenye simu yake. Nimekataa. Maneno haya hayapiti kwenye kidole cha mtu mwingine. Ukiona mstari umepanda mlima, ujue hapo niliinuka. Nimeshaketi na kuinuka mara nane tangu nianze, na chai yangu nimeiacha mahali nisipopakumbuka.

Wala usinipigie simu. Ukipiga nitasema mzima, mzima, haya, haya, tutakata, na lililonikaa kooni litabaki kooni.

Basi nikutolee neno mapema nisije nikalizunguka: mama yako amekuja. Yupo hapa mjini tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Anataka anwani yako. Nilimpa. Kisha nikaenda nikamnyang'anya. Sasa anwani yako ipo kwenye mfuko wa shati langu, na wewe peke yako ndiye utakayesema ibaki humo au itoke. Kaa chini kwanza. Nitakueleza, lakini itabidi nianze na hadithi yako, maana mambo haya mawili yameshikana na mimi ndiye niliyeyashikanisha.

Bahasha yako kubwa iliingia Jumatano, siku moja baada yake. Kurasa ishirini na mbili za hadithi uliyoiandika kutokana na ile niliyokusimulia utotoni. Nimezisoma siku nne kwa kidole, na ukurasa wa kumi na tano nimeurudia mara tatu kwa sababu ulinichekesha hadi nusura nimeze msumari. Unajua mimi nikifanya kazi misumari naiweka mdomoni. Daktari wa meno alinikataza, nimemzika yeye, misumari bado ipo.

Yaani wewe! Nilikupa Mama Swala anayemficha mwanawe pangoni na kumwambia, usimfungulie mtu mpaka usikie sauti yangu. Wewe ukampandisha ghorofa ya saba, akawa mwanamke anayesafisha ofisi za watu. Nilikupa Fisi anayekuja mlangoni kuigiza sauti ya mama. Wewe ukamvalisha suti, ukampaka manukato, ukampa simu tatu. Nilikupa Kobe aliyelala mbele ya pango kulinda. Wewe ukamfanya mlinzi wa lifti, na lifti yenyewe mbovu! Kobe wangu, mtu mzima na heshima zake, umemvalisha sare ambayo vifungo havifiki tumboni.

Siku ya kwanza nilikasirika. Nilimwambia mshonaji, mtoto huyu ameniibia wanyama akawageuza watu. Akaniuliza, "Kwani zamani walikuwa wanyama kweli, mzee?" Nikamwambia ashone.

Siku ya pili nikaanza kumwogopa Fisi wako kuliko wangu. Wangu utamjua kwa harufu. Wako ananukia vizuri na anasema samahani kwa usumbufu. Hapo umenizidi. Andika tarehe mahali, maana sitarudia.

Halafu nikafika ukurasa wa mwisho. Mama anarudi baada ya miaka mingi, anabonyeza kengele, anaita. Sauti imekwaruza, si ile mtoto anayoikumbuka. Mtoto anachungulia kwenye kile kitundu cha mlango. Mara anafungua, wanakumbatiana, wanaishi raha mustarehe. Na pembeni mhariri wako kaandika kwa wino mwekundu: "Mlango huu umefunguka upesi mno. Siuamini." Na wewe katika barua yako unasema hata wewe unaona pana kasoro, ila umeuacha kwa heshima, kwa kuwa ndivyo ulivyotoka kwa wazee, na hutagusa mwisho wa wazee mpaka mimi niseme neno kabla kitabu hakijaenda kiwandani kuchapwa.

Mhariri huyo ni mtu wa namna gani? Mwambie ana jicho. Mwisho ule si wa wazee. Ni wangu. Niliutunga mwenyewe alasiri moja, kwa muda wa kupiga chafya, misumari ikiwa mdomoni.

Umeshangaa. Ngoja.

Kwetu hadithi ilisimuliwa na watu wawili. Mmoja anasimulia, wa pili anaitikia. Mwitikiaji si wa kusema "ehe, ehe" tu. Kazi yake ni kushika hadithi isipinde. Msimulizi akiruka kitu, akipunguza, akiongeza la kwake, mwitikiaji anasema "sikubali", na msimulizi lazima arudi alipoharibu, awe baba mwenye nyumba au nani. Nyumbani kwetu mwitikiaji alikuwa dada yangu, bibi yako mkunga. Ndiyo maana mpaka leo watu wazima wanamwita Bi Sikubali, na akina mama aliowazalisha hawajui jina lilitoka wapi. Wanadhani ni kwa sababu ya ukali wake. Na huo nao upo.

Mimi nilikuwa msimulizi. Sijisifu, ila hakukuwa na mwingine. Nilikuwa nikimleta Fisi, watoto wanapanda juu ya meza.

Sasa hadithi ya Mama Swala ilikuwa haina mwisho kama huo wako. Inakwenda hivi. Mama Swala amerudi. Amesimama nje ya pango, anaita. Safari imemkwaruza koo, sauti nzito kama ya Fisi. Mwanawe yuko ndani, amekuwa mkubwa, ameweka mkono juu ya komeo. Basi. Msimulizi ananyamaza, anamgeukia msikilizaji mmoja, anamwuliza: wewe ungefungua? Na huyo lazima ajibu mwenyewe. Hakuna jibu baya. Kosa ni moja tu, msimulizi kumjibia.

Watu walijibu kila namna. Baba yangu aliulizwa akasema asingefungua, mama yangu akamnunia siku mbili nzima. Mimi nilipoulizwa, nikiwa na miaka tisa, nilisema ningepitia dirishani nimchungulie kwa nyuma. Dada yangu akasema, "Pango halina dirisha, pumbavu wewe." Ikabidi nijibu upya. Nililia, lakini nilijibu. Nilichojibu sitakuambia leo.

Wewe ulikuwa na miaka sita. Mama yako alikuwa ameondoka miezi minne, na aliposema kwaheri alisema wiki mbili. Mvua ilikuwa inapiga bati la karakana hadi tunasemezana kwa kelele. Nilikuwa nimevua kochi moja kubwa, limebaki mifupa, na wewe ulijikunja humo ndani katikati ya springi kama paka. Dada yangu alikuwa amekuja na kigoda chake, kwa sababu yeye hakai kwenye kochi la mteja. Ukasema, "Babu, Mama Swala." Nikasimulia. Nilisimulia vizuri sana siku ile, mpaka mvua ilipungua isikie.

Nikafika pangoni. Mama Swala anaita. Ikawa zamu ya swali. Nikakutazama. Ulikuwa umeshika springi kwa mikono miwili na mdomo wako umeshaanza kufunguka. Mjukuu wangu, mimi sijawahi kuogopa mtu wala mnyama, muulize yeyote. Nikauogopa mdomo ule. Nikasema haraka haraka: "Akafungua, wakaishi raha mustarehe."

"Sikubali," akasema dada yangu.

Nikamwambia mtoto amechoka.

"Hajachoka. Umemjibia. Rudi pangoni."

Nikamwambia karakana ni yangu, hadithi ni yangu, na mlango anaujua. Akainuka. Akabeba kigoda chake kichwani kama mwavuli, akatoka na mvua ile ile. Tangu siku hiyo tumesalimiana kwenye misiba na harusi, salamu za kuulizana kama jua limewaka. Miaka ishirini na mitatu. Wewe ulikuwa ukimtembelea, najua, na nilikuwa nikijifanya sijui.

Nilijiona nimeshinda, kwa sababu siku ile ulikula sahani nzima. Lakini kuanzia kesho yake ukawa unakimbilia mlango kila ukigongwa. Kila mteja. Aliyeleta kiti, aliyekuja kuuliza njia, wote uliwakimbilia, kisha unarudi taratibu unakaa. Nilikuona. Mpaka ulipokuwa darasa la tano, nadhani. Sikukuambia kitu, wala sikumwambia mtu. Nilizidisha kugonga nyundo.

Basi hilo nimelitoa. Ngoja niinuke kidogo.

Nimerudi. Sasa mama yako.

Jumanne ile nilikuwa nimeinama natandika sponji. Akaingia mwanamke, mkoba mzuri, viatu vimechoka. Akasema shikamoo. Nikaitikia bila kuinua kichwa, nikamwuliza, "Kochi la watu wangapi, mama?" Nikamwuliza tena, la watu wangapi, na kitambaa unacho au nikutafutie? Akasema, "Ni mimi, baba."

Mtoto wangu wa kumzaa. Sauti sikuitambua, na uso ilibidi nivae miwani.

Sitakuandikia yote niliyomwambia, karatasi ingeungua. Alisimama akayapokea yote bila kukaa. Nilipochoka ndipo akasema ya kwake. Kwamba mwaka wa kwanza hakuwa na kitu cha kuleta. Wa pili akawa na aibu ya mwaka wa kwanza. Na baada ya hapo aibu ikawa inazaa yenyewe. Nikampa chai. Akaulizia habari zako, nikaanza kujisifu, unanijua. Nikamwambia mwanao anaandika vitabu, mwanao anaishi nchi za watu na funguo za nyumba yake mwenyewe, mwanao mimi ndiye niliyemlea. Akauliza, nikimwandikia barua atanijibu? Au nikifika mlangoni kwake?

Nikasema: "Atakufungulia. Namjua. Nimemlea mimi."

Kwa majivuno tu! Nikachana nyuma ya bahasha yako ya mwezi wa pili, pale unapoandika anwani, nikamkabidhi. Akaikunja, akaiingiza kwenye mkoba, akaenda nyumba ya wageni alikofikia. Na mimi nikajiona mtu mkubwa, mpatanishi.

Kesho yake ndipo ikaja hadithi yako. Na Jumamosi nikafika ule ukurasa wa mwisho, nikasoma wino mwekundu, na tangu hapo sijatulia. Nakaa, nainuka. Nafungua duka, nafunga, nafungua. Nimegonga kidole gumba, kitu ambacho hakijatokea tangu nilipooa. Na kubwa kuliko yote: nilikuwa na kochi la muuguzi, la mahameli ya kijani. Mahameli ina upande wake wa kulala manyoya, mtoto mdogo wa kazi hii anajua. Nikashona mto mmoja kichwa chini. Ukikaa mbali unaonekana rangi nyingine kabisa. Muuguzi akauliza, "Huu mmoja ni wa kiti kingine?" Mimi! Miaka hamsini na nne ya kazi! Nikamwambia ni mwanga wa dirisha. Akasogeza pazia. Nikafumua.

Jumapili asubuhi nikavaa koti, nikaenda kwa dada yangu. Ngazi zake ni arobaini na moja, nilipumzika mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu nilimpisha mtu. Alikuwa anakunja shuka. Alinitazama, akaendelea kukunja.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mtu."

"Basi umekosea mlango."

Nikaingia hivyo hivyo. Nikamsomea hadithi yako yote kwa sauti, saa mbili nzima, na yeye anaitikia bila kujijua, ehe, ehe, mkono kwenye shuka. Kwenye yale manukato ya Fisi alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Huyu mtoto anamjua Fisi." Nilipofika mwisho akafungua mdomo. Nikasema kabla hajasema: huu mwisho ni wangu, nami nimekuja kuuondoa. Nikamweleza pia habari za kukimbilia mlango. Kisha nikamweleza habari za anwani.

Aliweka shuka chini.

"Ulimwambia atafungua?"

"Nilimwambia."

"Nani alikuambia?"

Nikaanza kupanga kurasa zako upya.

"Mara ya kwanza alikuwa mtoto wa miaka sita," akasema, "nikasema labda ni huruma. Sasa ni mwanamke mzima mwenye kitasa chake na mlango wake, na bado unamjibia. Vaa koti."

Nikamwambia nimeshalivaa, sijalivua.

Tukaenda. Wazee wawili barabarani, mmoja anachechemea, na aliyekuwa anachechemea si mimi. Mpaka nyumba ya wageni tulikuwa tumegombana mara tatu kuhusu njia. Njia niliyosema mimi ndiyo iliyokuwa fupi.

Mama yako alitupokea kwenye chumba chake, kitanda kimoja na kiti kimoja. Dada yangu akakaa kwenye kiti, mimi nikasimama. Akasema, "Shangazi, shikamoo." Dada yangu akaitikia, kisha akamwambia bila kuzunguka: "Baba yako alikupa kitu kisicho chake. Tumekuja kukichukua."

Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kelele, hata sentensi nilikuwa nazo. Yeye akafungua mkoba, akatoa kile kipande cha bahasha, kimekunjwa vile vile, akanipa mkononi. Akasema, "Nimeshaijua kwa kichwa, baba. Sikuweza kuacha kuisoma. Lakini sitaandika neno mpaka yeye mwenyewe aseme."

Nikamwuliza, nitajuaje? Akasema huwezi kujua.

Sasa mjukuu wangu, nikuambie lililo kweli, na ni gumu kwa mtu kama mimi. Nilisimama mbele ya yule mwanamke niliyembeba mgongoni akiwa na surua, niliyemfundisha kushika nyundo, na sikujua. Sikujua kama ni sauti ya Mama Swala iliyokwaruzwa na safari, au ni ile nyingine. Mimi ni baba yake na sijui. Nilidhani uzee unampa mtu masikio. Haunipi kitu. Unanipa goti.

Habari ya kitabu ni rahisi, tuimalize. Futa mwisho wangu. Acha mama abonyeze kengele, acha sauti iwe nzito, acha mtoto aweke mkono kwenye kitasa, halafu muulize anayesoma. Usimsaidie. Mhariri akilalamika kwamba hadithi haijaisha, mwambie imekwisha tangu kabla babu yako hajazaliwa. Na mahali unapoandika kwamba umeipata kwangu, andika tuliipata kwa msimulizi na mwitikiaji, wawili. Dada yangu amesema hataki sifa, lakini nilimwona alivyokaa wima.

Yeye yupo hapa sasa hivi, pembeni yangu, na kigoda chake. Anasoma kila mstari nikiumaliza, kwa miwani yangu, kwa hiyo tunapokezana miwani kama watoto na pipi. Hapa chini nilikuwa nimeandika mistari miwili ya kukushauri. Ilikuwa mizuri. Utaona imekwaruzwa hadi karatasi imetoboka. Si mimi niliyeikwaruza. Nikajaribu tena kuipenyeza kwa maneno mengine, nayo ameifuta. Nimetaka kukuambia tu jinsi mama yako alivyozeeka, ananiambia hata hilo ni ushauri.

Basi nakuuliza kama inavyotakiwa, na nimeinuka na kuketi tena kabla ya kuandika hili.

Mama yako amerudi. Yupo mjini hapa mpaka mwisho wa mwezi. Ameita. Sauti yake si ile unayoikumbuka, kama unaikumbuka. Mkono wako uko kwenye komeo. Wewe ungefungua?

Ukisema ndiyo, nitampelekea kile kipande cha bahasha mwenyewe, kwa miguu. Ukisema hapana, nitakwenda kumwambia hapana, mbele yake, na sitakuongezea wala kukupunguzia. Ukisema bado, hilo nalo ni jibu, dada yangu amelikubali, tumelijadili tangu asubuhi. Usijibu ninavyopenda mimi. Hata ukitafuta kwenye barua hii ninachopenda hutakiona, kimeshafutwa. Na usijibu haraka kunitoa wasiwasi. Wasiwasi wangu nitautembeza mwenyewe, karakana ina hatua kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi.

Nisalimie mwenzako wa chumba, mwambie aendelee kuimba, nyumba isiyo na kelele huwa siiamini. Mshonaji wa jirani anakusalimu na anauliza kama kuna mshonaji humo kwenye kitabu. Seremala anakusalimu, bado ananishangaa. Muuguzi anakusalimu, mto wake nimeshaugeuza. Bibi yako mkunga anakusalimu sana, na amesema hiyo baridi ufunge kifua kwa kitambaa cha sufu, usibishe.

Mwenyezi Mungu akulinde kwenye hizo ngazi zako, akupe macho ya kuona aliye nje na utulivu wa kutofanya haraka.

Mama yako nilimwuliza jana kama nikutumie salamu zake humu. Alifikiri sana. Akasema hapana, baba, salamu nayo ni hodi, na nimeshabisha mara moja.

Ni mimi babu yako akupendaye kuliko anavyojua kusema,
Fundi Makochi.